Maneno Niliyowaambia Kuku

Tusekile mwanangu,

Hukusahau. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Siku ile mashine ilipomchukua wifi yako mkono, hukusahau neno lolote. Hakuna neno nililokupa ukaliacha njiani. Maneno ya mashine niliwaambia kuku.

Sasa salamu. Ugonile, mwanangu, maana utaisoma hii asubuhi, nitaiweka juu ya begi lako. Mimi baba yako ni mzima, magoti tu. Unajua kuandika si kazi yangu. Darasa la nne, basi, na ile ngumbaru niliyoiacha baada ya kugombana na mwalimu, alikuwa anashika chaki kama ameshika konokono. Herufi zangu zimelala kama mpunga uliopigwa na mvua. Zisome hivyo hivyo. Ningekuambia kwa mdomo, uko hapo uani unakunja nguo, nakusikia unacheka na shangazi yako. Nimejaribu tangu juzi. Mdomo wangu unajua kujisifu tu, ukifika kwenye jambo hili unageuka unauliza kama begi limefungwa.

Mambo ya kula na kulala, na wanaume wa huko Nairobi, shangazi yako amekwambia yote, mengine mara mbili. Mimi naongeza moja: ule mchele ni wa Kyela, asikudanganye mtu ukauchanganya na mwingine. Basi. Nimemaliza maagizo.

Nianzie Jumapili, ulipokaa barazani na kompyuta magotini. Nilikuja kukuchokoza. Kumbe nilikuwa na wivu.

Nikasema, "Hiyo kazi yako hasa ni nini? Watu wananiuliza njiani, nawaambia mwanangu ni mhandisi. Sijui kama nadanganya."

"Hudanganyi sana, tata," ukasema. "Naandika maelezo ya zana."

"Zana gani? Nyundo?"

"Programu. Moja inatuma barua, moja inahesabu mzigo ghalani, moja inafuta kumbukumbu. Zamani aliyezitumia ni mtu. Siku hizi wanamtuma wakala."

"Wakala kama yule wa kutoa pesa pale stendi?"

Ukacheka mpaka shangazi yako akachungulia. "Si huyo! Wakala wa akili mnemba. Naye ni programu. Unampa kazi kwa maneno, yeye mwenyewe anatafuta zana inayofaa. Anasoma nilichoandika, halafu anafanya."

"Anaiona hiyo zana?"

"Haioni. Anasoma tu."

"Akikwama anakuuliza?"

"Mimi sipo, tata. Nimeshaandika, nimeondoka. Alichonacho ni maneno yangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikapaza sauti ili wapita njia wasikie. Nikasema basi ni kazi ya kumwandikia kipofu asiye na mdomo, na mimi sijawahi kumwandikia mtu hata mstari, na kuanzia Itungi mpaka Talatala hakuna injini iliyokohoa nisiijue ugonjwa wake. Hilo la mwisho ni kweli, hata leo nalisema.

Wewe hukujibizana. Ukanisomea. Nalikumbuka neno kwa neno, maana sikulala nalo vizuri: "Zana hii inafuta kumbukumbu za mteja. Kilichofutwa hakirudi. Itumie pale tu ambapo mteja mwenyewe ameomba. Kama unataka kumsimamisha kwa muda, siyo hii, tumia ile nyingine." Ukaitaja ile nyingine kwa jina lake. Na chini kabisa: "Kitufe cha kusitisha katikati kipo, ila kwa sasa hakifanyi kazi. Usikitegemee."

Nikasema, "Mbona unamwandikia kama mtoto mdogo?"

"Si mtoto. Amesoma vitabu kuliko mkoa mzima. Ila hajui nyumba yetu."

"Na wenye zana hawakasiriki ukiandika kwamba kitu chao ni kibovu?"

"Wanakasirika. Ile kazi ya majaribio, mmoja aliniambia niufute huo mstari wa mwisho. Nikakataa."

"Kwa nini?"

Ukaiangalia kompyuta, hukuniangalia mimi. Ukasema polepole, "Nilisahau kufikisha neno mara moja, tata. Leo wifi anafunga kanga kwa meno."

Nikainuka nikaenda kwenye kakao. Ulidhani nimechukia. Sikuchukia. Nilisimama kule kati ya miti nikashika tunda moja ambalo halijaiva, nikalivuta mpaka likang'oka, tunda zima, la bure.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana ulikuwa darasa la tano na sikukuruhusu kuisogelea ile mashine ya kukoboa.

Ubavuni mwa injini kulikuwa na mkono mwekundu wa kuzimia. Kiwanda chenyewe kiliandika pale, kwa Kizungu, kwamba hapa ndipo pa kusimamisha. Ulikuwa umekufa. Springi ilikatika ndani, ukiuvuta unakuja tu kama mkia wa mbuzi, injini haina habari. Kipuri ningeweza kuagiza Mbeya. Lakini ningeagiza kupitia kwa watu, na watu wangejua kwamba mashine ya fundi mkubwa ina ubovu. Nikabuni njia yangu. Kipande cha ubao, unaziba nacho tundu la hewa, injini inakosa pumzi, inatikisika, inakufa. Nilijiona mjanja kuliko kiwanda. Kaka yako Ambakisye alijua, mimi nilijua. Nikaona inatosha.

Na mkewe, wifi yako Subilaga, unajua tulivyoishi naye. Kutila. Huko uendako ukiwasimulia hawatakuelewa: mke wa mwanangu, ugali wangu anaupika yeye, na sijawahi kumtazama uso. Akinisikia nakohoa anapitia nyuma ya migomba. Hanisemeshi, simsemeshi, jina langu halitaji. Majirani wengi walikuwa wameshalegeza. Mchungaji mwenyewe alituambia mkwe wake humwekea chai mezani na wanaongea habari za mvua. Mimi nikasema kwangu haitalegezwa. Nilijisifu kwa hilo pia, kana kwamba kumkalia kimya binti wa watu ni kazi ya nguvu.

Mdomo wetu ulikuwa wewe. "Tata anasema kuni zimelowa." "Wifi anasema chumvi imeisha." Na maneno hukuyapeleka kama nilivyoyatoa, hilo nimelielewa Jumapili hii, uzee wote huu. Mimi nilikuwa natupa nusu, wewe ukifika unajaza. Nikisema "mwambie ile iwekwe kule," wewe unamwambia, "Lile kapu la mbegu liwekwe darini, panya wasilifikie." Kila kitu kilikwenda sawa nyumbani, nami nikadhani ni kwa sababu mimi nasema vizuri.

Usipokuwepo tulitumia kuku. Nasimama upande huu wa ukuta wa jiko, nawaambia kuku kwa sauti, yeye ndani anasikia. Akishasikia anagonga sufuria kwa mwiko, mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa "nimesikia". Ya "sijaelewa" hatukuwa nayo. Hatukuitengeneza. Mkwe gani angethubutu kugonga mara mbili?

Siku ile mpunga ulikuwa umeshavunwa, watu wanakuja na magunia tangu alfajiri. Mama yako alikuwa msibani Njisi. Ambakisye alikuwa amevuka kwenda Karonga na biashara yake. Asubuhi kabla hujaenda shule nilikwambia jambo moja tu: "Mwambie wifi yako leo asiende shamba." Ukamwambia. Huo ndio ulikuwa mzigo wako wote wa siku ile, na uliufikisha.

Wewe ukiwa shule, likaja neno kutoka Itungi. Boti ya mtu imekufa injini, mzigo uko ndani, mafundi wote wameshindwa, "ni wewe tu, mzee." Maneno hayo, ni wewe tu, yangenitoa hata kaburini. Nikachukua baiskeli. Nikapita ukutani kwa jiko nikawaambia kuku:

"Nyie kuku, wateja wasirudishwe! Maji yajazwe kwanza. Kile kishikio cha juu kinyanyuliwe, hendeli ipigwe kwa nguvu, injini ikishika kasi kishikio kiachiwe. Mpunga umiminwe kidogo kidogo."

Sufuria ikagongwa. Nikaondoka.

Ya kuwasha nilisema yote. Ya kuzima sikusema. Wala si kwamba yalinitoka kichwani, Tuse, ningependa iwe hivyo. Wateja wawili walikuwa wameshakaa pale juu ya magunia yao. Nikiwaambia kuku kwamba mkono wa kuzimia ni mbovu, watasikia na wateja. Neno lilifika hapa kooni nikalimeza, nikajiambia nitarudi kabla hajamaliza.

Aliiwasha vizuri. Wanasema alikuwa anaimba. Jua likapanda, ncha ya kanga yake ikashikwa na mkanda wa injini. Alikuwa na muda. Mama mmoja wa Talatala aliyekuwa pale alinieleza, na sikumwomba anieleze: binti alikuwa na muda wa kutosha kabisa. Alinyoosha mkono wa kushoto akauvuta ule mkono mwekundu, kama mashine yenyewe ilivyomwambia. Akauvuta tena. Aliuvuta mpaka ukamkatikia kiganjani. Ubao ulikuwa chini, karibu na mguu wake. Ubao mtupu, hauna alama, hauna jina. Nani angejua kwamba ule ndio breki? Jirani alipokuja kuukata mkanda kwa panga, mkono wa kulia ulikuwa umekwenda.

Ile boti ya Itungi niliitengeneza. Walinipigia makofi.

Hospitali nilifika getini, sikuingia. Kutila, si unajua. Nikampa muuguzi machungwa ampelekee. Hebu fikiri, mtu amepoteza mkono nami nampelekea kitu cha kumenya.

Ambakisye aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, hata viatu vina vumbi la Karonga. Akauliza, "Nani alimwelekeza mashine?" Nikamjibu, "Mdogo wako ndiye anayepelekaga maneno." Sikusema uongo, unaona? Kwa namna hiyo nilijitetea moyoni miaka yote, kwamba nilisema jambo la kweli. Akakugeukia. "Tuse, ulimwambia wifi kuhusu ubao?"

Wewe ukaniangalia mimi. Ulikuwa unatafuta jibu usoni kwangu, kama mtoto anavyotafuta. Nikatazama pembeni. Ukasema, "Nilisahau, kaka. Nisamehe." Hata ubao gani hukujua.

Mama yako hakuniuliza. Aliacha tu kuniwekea maji ya kuoga, muda mrefu, hivyo ndivyo alivyoniuliza. Amezikwa bila mimi kumjibu. Ambakisye alimchukua mkewe wakahamia ng'ambo ya mpaka, na wajukuu wangu wamezaliwa huko.

Na wewe ukaanza kuandika. Tangu mwaka ule. Kwenye chupa ya dawa ya kakao ukabandika karatasi: isinywewe, isimwagwe mtoni, ukipuliza usimame upepo ukiwa mgongoni. Kwenye ngazi ya darini ukaandika kwamba kipago cha tatu kimeoza. Kwenye mlango wa choo, uvutwe juu kwanza. Nilikucheka mbele ya wageni, nikasema huyu mtoto ataandika hata juu ya mbuzi kwamba ni mbuzi. Wageni wakacheka. Wewe ukaenda kuandika zaidi. Sasa watu wa Nairobi wamekuona wamekuita, na mimi nimezunguka kijiji kizima nikisema binti amerithi akili yangu ya mashine. Hukurithi. Ulikuwa unatubu dhambi isiyo yako, kila karatasi.

Ndicho kinachonivunja, mwanangu. Kuondoka watoto huondoka, mama yako naye aliondoka kwao akanifuata mimi, akapata hasara yake. Ila unaondoka umebeba mzigo wangu kichwani, na unautembeza vizuri hivyo, umeufanya kuwa ufundi. Nakuomba uutue hapa nyumbani. Ufundi nenda nao, ni wako. Huyo wakala mwandikie kama ulivyonisomea, kwa sababu anastahili kuelezwa, si kwa sababu unaadhibiwa.

Sina cha kukufundisha kwenye kazi hiyo, na hilo neno "sina" limenichukua muda kuliandika. Lakini mtu mmoja namjua kuliko wewe unavyomjua: yule atakayekwambia ufute mstari unaosema kitu chake ni kibovu. Nimeishi naye, nimekula naye. Hana roho mbaya. Anawaona wateja wawili wamekaa kwenye magunia. Msikilize, mpe hata kiti, usiufute. Na huyo wakala wako, kama kuna namna, mpe njia ya kugonga mara mbili. Uliniambia unayaandika mpaka makosa, zana ikishindwa iseme imekosa nini na kifanyike nini, siyo kusema "imeshindikana" ikanyamaza. Nilikuitikia "mh" tu. Ile "mh" ilikuwa sifa. Mimi sifa zangu hutoka hivyo nikimsifu mtu mwingine.

Nimeiacha kalamu kidogo hapa, nimerudi. Nikueleze nilikokwenda.

Nimempigia kaka yako. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye makasha ya kuchachushia kakao, shangazi yako asisikie. Nilidhani hatapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulimuuliza mtoto swali lililokuwa langu."

Nikamweleza: kuku, wateja, ubao, boti, makofi. Sikupamba. Nilisikia watoto wake wanagombania kitu nyuma yake, wajukuu zangu, nisijue sauti ipi ni ya nani. Nilipomaliza akasema, "Subiri," na sauti yake si ya kaka yako ninayemjua.

Simu ikabadilika pumzi. Nikajua ni yeye, Subilaga. Hakusema kitu. Miiko ni ile ile, na mimi mwenyewe ndiye niliyeikaza. Nilitaka kumwomba msamaha, Tuse, ulimi ukagoma, wewe huwa unaniambia mimi ni mkaidi, ndiyo hivyo. Kilichotoka ni hiki:

"Mkwe wangu. Ule mkono mwekundu ni mbovu, usiuvute. Ukitaka kuizima, kuna ubao chini, kushoto kwako. Uchukue, ziba nao tundu la hewa, kandamiza. Itatikisika sana, usiogope, usiachie. Itakufa. Na kanga uikaze kabla hujawasha."

Mashine yenyewe tuliiuza chuma chakavu zamani. Nikamweleza mpaka mwisho hata hivyo, nusu sikuiacha. Kisha nikasema, "Hilo ndilo nililopaswa kusema siku ile." Nilisikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza neno. Halafu ikakatika. Sijui kama aliikata yeye au ilikatika tu. Sikupiga tena. Sina haki ya kumdai jibu mtu ambaye sikumpa nafasi ya kuuliza.

Kaka yako sasa anajua. Akikupigia njiani, usimwombe msamaha. Mwache aanze yeye.

Shangazi yako ameninong'oneza kwamba ukiniona nimelia pale stendi utashusha begi. Basi nakuandikia mapema usije ukashtuka: nitalia. Nitalia vibaya, watu watatazama, na pengine nitakushika mkono nisiuachie, na nitasema bado hujachelewa, kazi zipo hata Mbeya. Usifuate hayo. Huyo atakuwa mzee anayeogopa nyumba tupu. Sitaki uende, hilo ni kweli. Nenda, hilo nalo ni kweli. Yakikuchanganya yote mawili, la kufuata ni la pili.

Baba yako